Nimelipa elfu 30 mdogo wangu aambiwe ukweli wa kazi, ukweli ukakatwa katikati

Nyota moja kwa hii huduma ya kuongeleshwa na watu walioko kazini. Naanza na hiyo kabisa nisije nikalegea huko mbele.

Ilikuwa kipindi kile cha kuomba vyuo, dirisha la kwanza, mwezi wa saba au wa nane hivi sikumbuki vizuri. Mdogo wangu kamaliza form six PCB (fizikia, kemia na baiolojia), na hapa nyumbani Igoma, Mwanza, walishaanza kumwita dokta hata matokeo hayajatoka, mama ndo kabisa, akitaka chumvi anasema dokta hebu kimbia dukani. Mtoto mwenyewe hajawahi kuona hata mtu anashonwa kidole.

Sasa nikaona kwenye status ya mshkaji wangu kuna jamaa wana huduma ya kukutanisha wanafunzi na watu walioko kazini, wanasema utaambiwa ukweli wa kazi na mwenye kazi yake. Elfu 30 unaongea na watu watatu, nusu saa kila mmoja. Wazo nililipenda, na nisiwe mnafiki, mpaka leo nalipenda, maana mi nilisoma uhasibu kwa sababu mjomba alisema mhasibu halali njaa, leo niko duka la spea Mabatini nahesabu beringi za bajaji. Hakuna aliyewahi kuniambia siku ya mhasibu inaanzaje na inaishaje. Shuleni mwalimu alikuwa anaangalia tahasusi yako tu, PCB nenda udaktari, PCM nenda uinjinia, EGM utajijua huko mbele.

Basi tukaenda, ofisi iko mjini, ghorofani. Mdogo wangu kaandika maswali kwenye kaunta buku, nakumbuka la kwanza lilikuwa "usiku mnapata muda wa kulala?" na la pili "mgonjwa akifa wewe unafanya nini halafu?" Maswali ya mtoto mwenye akili yale, nilijisikia fahari bana.

Wa kwanza alikuwa nesi, kwa simu, mratibu kaweka spika mezani. Yule dada kaanza vizuri tu, ukisoma digrii ni miaka 4 na intern mwaka mmoja juu yake, ajira za serikali unaomba kwenye mfumo na unaweza ukasubiri mpaka usahau kama uliomba, wengine wanajitolea kwanza. Mdogo wangu anaandika. Akamuuliza lile swali la pili. Simu ikanyamaza kidogo, yule dada akashusha pumzi, akasema, "Mdogo wangu nikwambie tu ukweli, mwezi wangu wa kwanza wodini kuna usiku mmoja nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi, nika..."

"Asante sana sista! Labda sasa tumwambie binti kuhusu fursa zilizopo."

Ni mratibu huyo. Kaingia kama konda anayefunga mlango abiria hajamaliza kushuka. Na yule dada sauti ikabadilika palepale, umewahi kuongea na mtu kwenye simu bosi wake akaingia ofisini? Ndo hivyo hivyo. "Ee, fursa zipo, kikubwa kujituma." Dakika kumi zilizobaki zote ikawa kujituma na wito, mdogo wangu kalamu kaiweka chini.

Nikamuuliza kaka mbona umemkata, hicho ndo tulicholipia. Akasema hawapendi kumtisha mtoto, wanamjenga. Nikasema mimi sijalipa ajengwe, nimelipa aambiwe. Halafu nikaona pale mezani kuna rundo la vipeperushi vya chuo fulani, pembeni kaandika kwa peni ukienda kuomba taja namba hii, yani ni wakala wa chuo jamani! Sa mtu anayelipwa kwa kila mtoto anayeingia chuo atakubali vipi nesi aelezee yaliyomkuta kwenye ngazi?

Nilipoligusia hilo ndo akanijibu, na naliandika kama lilivyo, "Braza wewe si unauza spea? Ushauri wa kitaaluma tuachie sisi." Mbele ya mdogo wangu. Na kwa utulivu kabisa akaongeza kwamba kama hatujaridhika kuna kifurushi cha elfu 50, hicho mnaongea faragha bila mratibu. Faragha inauzwa! Nilitaka kudai hela yangu akaninyooshea kidole kwenye karatasi ukutani, malipo hayarudishwi.

Wa pili alikuwa mtu wa benki, huyo simuongelei, ningesoma kalenda yao ya ukutani ningepata mengi zaidi.

Sasa wa tatu ndo kaniharibia hasira yangu yote. Ni kaka mmoja mkaguzi wa ubora kwenye kiwanda cha samaki, kagoma kuja ofisini, kasema siku hiyo atakuwa soko la samaki la Mwaloni Kirumba, anayemtaka amfuate. Mratibu ikabidi aje na sisi, na moka zake. Wanaoijua Mwaloni wanajua, pale chini ni maji ya samaki na magamba, mikokoteni ya magunia ya dagaa inakuja kwa kasi na wasukumaji hawaombi njia mara mbili. Kijana wa watu kasimama getini anaongea na simu, ndani hakuingia. Mungu akupe nini tena.

Yule kaka hakuleta hotuba. Kachukua sangara, kamfunua shavu kwa kidole gumba, kamwambia mdogo wangu angalia rangi hii, nyekundu unapokea, ikianza kwenda kahawia unaanza kujiuliza. Kabonyeza mwili, ukiacha shimo na halirudi, huyo hapana. Kamnusisha pia. Akasema kazi yangu ndo hii, kutwa nzima kwenye baridi, gambuti na soksi pea mbili na bado vidole vinakufa ganzi, ukipanda daladala jioni watu wanajua unatoka wapi. Samaki wakipungua ziwani vibarua wanarudishwa getini, siku hiyo hakuna hela. Mwenye mzigo akileta sangara wa chini ya sentimita 50 unamkatalia maana sheria hairuhusu, na ni mtu mnayeishi naye mtaa mmoja, kesho atapita bila kukusalimia au atakuja na kitu mfukoni, na hapo ndo utajijua wewe ni mtu wa aina gani. Akamwambia pia mwaka 1999 Ulaya waliwahi kufunga soko kwa samaki wa ziwa hili la Victoria kwa sababu watu walikuwa wanavua kwa sumu, viwanda vikayumba, "ndo maana ninavyomkatalia mtu mmoja hapa naona kama nawalinda wengi, japo yeye ananiona mchawi." Mshahara alimtajia, sitauandika maana sio wangu. Akamuuliza unapenda nini kwenye Biology, mtoto akajibu kupasua chura, jamaa akacheka mpaka akaegemea beseni la mtu. Alipoulizwa kama anashauri mtu aingie kazi hiyo akasema, "Usiingie kwa sababu yangu, mimi nikipata nyingine naondoka. Ila sijawahi kuichoka kuijua." Nusu saa ikawa saa nzima na zaidi, na soda katununulia yeye. Wabeja sana ngosha, yani asante sana kaka, popote ulipo.

Kwa hiyo sijui nisemeje. Bila hawa jamaa mdogo wangu asingekutana na yule kaka, mi mteja wangu ni madereva bajaji, nani ningemjua kiwandani? Kwa hilo labda wanastahili nyota tatu, hata nne siku nikiwa nimeshiba. Lakini ukweli tuliupata kwa sababu mratibu aliogopa kuchafua viatu, sio kwa sababu ya huduma yao, na kila nikikumbuka "si unauza spea" nyota zinarudi chini zenyewe. Ukienda, usikubali kuongelea ofisini kwao. Dai mkutane anapofanyia kazi mtu mwenyewe, pachafu ndo pazuri zaidi.

Juzi wamenitumia meseji niwape alama. Nimebonyeza mbili, moja ya mkaguzi wa samaki, ya pili sijui kidole kiliteleza ama vipi.

Mdogo wangu kajaza uuguzi namba moja vilevile, mambo ya uvuvi na samaki namba mbili, hiyo ya pili mama hajaambiwa. Ila usiku tukiwa tunaosha vyombo bado ananiuliza, kaka, unafikiri alifanyaje pale kwenye ngazi? Alilia? Alimpigia mama yake? Aliandika barua ya kuacha kazi? Mi sijui. Sista, kama unasoma hapa, malizia tu ile sentensi, hela tulishalipa.