Kokasi ya Iowa na mchujo wa Minnesota: nimejaribu zote mbili
Kokasi ya Iowa: nyota mbili. Mchujo wa Minnesota: nyota nne.

Kokasi na mchujo ni njia mbili za vyama vya Marekani kuchagua mgombea wao wa urais, jimbo kwa jimbo. Mkenya wa umri wangu haelezwi sana kokasi ni nini. Ya Iowa, kwa chama cha Democratic hadi 2020, ilikuwa mlolongo wa Kenya wa 1988, ule wa kupiga kura kwa foleni, ila ndani ya ukumbi wenye hita. Hakukuwa na sanduku wala kibanda. Ulisimama kwenye kona ya mgombea wako, kila mtu akikuona, mkahesabiwa vichwa. Angalau hapa hapakuwa na chifu wa kutangaza kwamba mlolongo mfupi ndio mrefu.

Yangu ilikuwa ya chama cha Democratic, Februari 3, 2020, katika ukumbi wa michezo wa shule. Saa moja usiku ikikukuta hujafika hata kwenye foleni, umekosa. Mke wangu alikuwa shifti ya jioni kwenye makao ya wazee. Kura yake ikaishia hapo, maana ya posta haikuwepo. Vilikuwepo vituo maalum kwa watu wa shifti, lakini vichache, na hakuna kilichokuwa karibu nasi.

Nilisimama na Amy Klobuchar, mgombea kutoka Minnesota. Kundi lisilofikisha asilimia 15 ya waliohudhuria lilivunjwa, na letu likavunjwa. Basi majirani wakatuvamia kama makanga wa matatu, huyu anavuta kwa Sanders, yule kwa Buttigieg. Hapo sikuchukia, mama mmoja alinifafanulia mambo ya bima ya afya kuliko runinga ilivyowahi kufanya. Lakini kona ya pili alisimama msimamizi wangu wa kazini, mikono kifuani, akingoja kuona nitaelekea wapi. Hilo lilinikera kuliko baridi, kuliko hata kuhesabiwa upya eti kuna mtu alikuwa msalani. Bosi anijulie kura yangu kwa nini?

Na usiku ule tukalala bila matokeo. Programu ya simu ya kuripotia ilileta hitilafu, na sehemu ya kwanza ya hesabu ikatolewa kesho yake jioni. Mwaka 2024 Democratic wa Iowa wenyewe walichagua kwa kadi za posta.

Minnesota, tulikohamia, waliachana na kokasi za urais baada ya 2016. Mwaka huo kokasi ya Democratic ilivuta watu laki mbili na kidogo. Mchujo wa 2020 ukavuta zaidi ya laki saba. Mimi nilipiga Machi 2024: jina, saini, karatasi, nikarudi zangu. Mke wangu alikuwa keshapiga mapema, siku yake ya mapumziko. Nyota moja nimeinyima kwa sababu mbili. Kwanza, lazima utaje chama unachotaka karatasi yake, na orodha hiyo hupelekwa kwa vyama. Mgombea uliyemchagua hubaki siri, lakini hata hivyo.

Pili, hakuna kuhama kona. Mwaka 2020 Klobuchar alijiondoa siku moja kabla ya mchujo wa jimbo lake mwenyewe, na waliokuwa wamempigia mapema kura zao zikaenda na maji. Democratic wa Alaska, Hawaii, Kansas na Wyoming walikuwa na dawa mwaka huohuo: karatasi ya siri, unawapanga wagombea kwa namba, wa kwanza akianguka kura yako inahamia kwa anayefuata. Hao ningewapa zote tano.