Cheni ya oringi kwenye vumbi la Dodoma: uzoefu wangu

Muuzaji atakwambia cheni ya oringi haihitaji oili. Usimsikilize. Naendesha bodaboda Dodoma, kutwa niko Nkuhungu na barabara za vumbi za pembeni, na cheni hii nimeitumia kiangazi na masika. Ni nzuri kweli, ila anayeisifia kwa uvivu ataiua mapema.

Uzuri wake uko ndani. Kila pini ina viringi vya mpira, ndizo oringi zenyewe, vinavyofungia grisi ya kiwandani na kuzuia mchanga. Cheni hurefuka kwa sababu pini na bushi (kibomba kinachoizunguka pini) zinalika kidogo kidogo, na kwenye pini zaidi ya mia huo ulaji unajumlishana. Cheni ya saizi 428 ikiwa mpya, pini hadi pini ni milimita 12.7, kwa hiyo nafasi 20 ni milimita 254. Yangu nikiipima kwa tepu imesogea kiduchu tu. Za kawaida nilizokuwa nafunga, kufikia muda kama huu nilishamaliza alama zote za kukazia cheni kwenye gurudumu la nyuma.

Lakini oringi hailindi rola (kigurudumu cha nje cha cheni) wala meno ya sproketi, yale magurudumu ya meno yanayoshika cheni. Huko nje bado pakavu, tena pana vumbi. Nasafisha kwa mafuta ya taa na brashi laini, nafuta, kisha napaka oili ya gia kidogo upande wa ndani na kufuta inayozidi. Petroli, brashi ya waya na ile mashine ya presha ya kuoshea pikipiki vinaharibu mpira. Grisi ya kupaka nje ndiyo mbaya zaidi: inashika mchanga, inageuka msasa.

Kwenye kufunga kuna kazi. Cheni hii ni pana kuliko ya kawaida, hivyo angalia isikwaruze kava. Kiungio kina oringi zake nne, na fundi mwenye haraka huzisahau mfukoni. Klipu ya kiungio, sehemu yake iliyoziba itazame mbele, inakokwenda cheni. Na ubadilishe seti nzima, cheni na sproketi zake: meno yakishapinda kama ndoano, cheni mpya juu yake ni hela umetupa.

Mchezo, yaani ulegevu wa cheni, niliouacha ni milimita 20 hadi 30, nikipima pale inapokaza zaidi, maana haikazi sawa kote. Vijana wa kijiweni wanapenda iliyokaza kabisa isipige kelele, halafu wanabeba mshikaki, abiria wawili au zaidi. Uzito ukikaa, cheni inazidi kukaza, na inayoumia ni beringi ya sproketi ndogo. Hapo injini inafunguliwa, na bei ya fundi unaijua.

Bei ya cheni yenyewe iko juu. Aliye kwenye mkataba, pikipiki inakuja kuwa yake, anunue bila kuwaza. Wewe unayepeleka hesabu ya kila siku kwa mwenye pikipiki, mwambie huyo bosi achangie nusu kabla hujaingia dukani. Ukishaifunga, hakumbuki tena.