Ramani ya miaka ya shule: naipa nyota nne

Mimi ni mwalimu wa hesabu, na hii ramani ya mtandaoni inayolinganisha miaka ya shule anayotarajiwa kusoma mtoto wa kila nchi nimeitumia sana darasani. Naipa nyota nne kati ya tano.

Uzuri wake ni kwamba namba zake hata mwanafunzi anaweza kuzikokotoa. Unachukua kila umri, unatazama sehemu ya walioandikishwa shuleni, unajumlisha. Kama kati ya watoto 100 wenye miaka 10 wako darasani 90, umri huo unachangia mwaka 0.9. Wanafunzi wangu waligombania chaki siku tulipoifanya ubaoni.

Ukigusa nchi, namba inatokea. Kwa takwimu za mwaka 2022 za UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, Sudan Kusini iko chini ya miaka 6, Australia imepita 20, na wastani wa dunia ni 13. Sasa hiyo 20 haina maana kwamba kila mtoto wa Australia atafika shahada ya uzamili. Watu wazima wanaorudi vyuoni kusomea ufundi nao wamo humo, na UNDP yenyewe ikipanga fahirisi yake ya maendeleo, yaani alama ya kulinganisha nchi, hukomea miaka 18 ya shule. Ramani iko kimya kabisa juu ya jambo hili. Ilitakiwa ilieleze hapo hapo, chini ya namba.

Kinachonisumbua zaidi ni kukariri darasa. Mtoto aliyekaa darasa la tatu mara mbili anahesabiwa miaka miwili ya shule, kwa hiyo nchi yenye wakariri wengi huonekana iko mbele kuliko ilivyo. Ndiyo maana siitumii peke yake. Benki ya Dunia tangu 2018 inatoa kipimo kinachopunguza miaka hiyo kulingana na kile watoto wanachojua kweli. Mwaka 2020, kwa wastani wa dunia, mtoto alitarajiwa kupata miaka 11.2 ya shule hadi kufikia umri wa miaka 18. Ukipima alichojifunza, inabaki 7.8. Inaniuma sana, kwa sababu miaka hiyo iliyopotea mtoto alikuwepo darasani, mbele ya mwalimu.

Kitufe cha kutenganisha wasichana na wavulana nakipenda mno. Bila hicho, namba moja ya Afghanistan ingekuficha kwamba tangu 2021 wasichana wamezuiwa kuendelea na masomo baada ya darasa la sita.

Mwalimu mwenzangu, anza na kitufe hicho, kisha fungua miaka waliyosoma watu wazima wa nchi hiyo hiyo uone kizazi kimoja kimesogea kiasi gani. Kidunia watu wazima wana chini kidogo ya miaka 9. Kwenye simu ndogo ramani inabanana, nchi ndogo hazigusiki. Tumia jedwali lake, linapakuliwa bure.