Besi Haisikiki: Ununue Plagini au Ikwalaiza Uliyonayo Yatosha?

Kabla hujatoa pesa, fungua wimbo unaoumiksi, yaani unaochanganya na kusawazisha sauti zake, zima kila kitu ubakishe kiki (ngoma ile nzito ya chini) na besi tu, kisha usikilize kwa spika ya simu. Ukisikia kiki inagonga tk-tk na besi imeyeyuka kabisa, ugonjwa huo ikwalaiza haiuwezi. Ukisikia besi ipo, ila inavuma kama mtu anayeongea akiwa ndani ya pipa, plagini ya kuongeza besi (plagini ni programu ndogo inayochomekwa ndani ya programu ya kutengenezea muziki) itakuongezea pipa la pili.

Watu wengi hununua bila kujua wana ugonjwa upi kati ya hayo mawili.

Ikwalaiza, ambayo wengi tunaiita EQ, hukuza au hupunguza kilichomo. Haiumbi kitu. Chukua besi ya 808, ile iliyotokana na mashine ya ngoma ya Roland TR-808 ya mwaka 1980. Ikiwa safi, haijachafuliwa na chochote, ni karibu wimbi moja tupu. Noti ikiwa Hz 50 (Hz, yaani hezi, ni idadi ya mitetemo kwa sekunde: ikiwa ndogo, mlio ni wa chini), huko juu hakuna cha maana. Pandisha Hz 200 kwa desibeli 10, kipimo cha ukubwa wa sauti, na utakuwa umepandisha hewa. Plagini ya kuongeza besi huenda njia nyingine: hutengeneza hamoniki, yaani milio ya juu inayozaliwa na ule wa chini. E ya chini kabisa ya gitaa la besi la nyuzi nne ni kama Hz 41, na hamoniki zake ni 82, 123, 164 na kuendelea. Spika ya simu haiwezi kutoa 41 hata uibembeleze, lakini sikio likizipata zile za juu, ubongo hujijazia wenyewe ule wa chini uliokosekana. Unadhani umesikia besi, kumbe umesikia kivuli chake. Kwa msikilizaji wa simu, kivuli kinatosha.

Mimi nililijua hili kwa gharama. Niliwahi kupandisha Hz 60 kwa desibeli 6 ili besi isikike kwenye simu. Desibeli 6 maana yake wimbi limekuwa kubwa mara mbili. Kwenye simu hakukubadilika kitu. Kwenye spika kubwa, limita ya mwisho, ile inayozuia sauti isipite kikomo, ilianza kuminya wimbo mzima kila kiki ilipogonga, na sauti ya mwimbaji ikawa inazama na kuibuka. Nilikesha nikimlaumu mwimbaji kwamba alikuwa akiikimbia maikrofoni.

Sasa tupange, nikianza na kile ambacho ningekiweka mbele.

1. Ikwalaiza iliyokuja na programu yako ya muziki. ReaEQ ya Reaper, EQ Eight ya Ableton Live, Fruity Parametric EQ 2 ya FL Studio, Channel EQ ya Logic: zote zinatosha kwa kazi hii, na tayari umeshazilipia. Ongezea Voxengo SPAN, plagini ya bure inayochora masafa ya sauti, ili uone kwa macho kinachoendelea chini. Mara nyingi besi haikosekani, imefunikwa. Magitaa, kinanda, hata sauti za waimbaji huwa na takataka chini ya Hz 100 ambazo hakuna anayezihitaji. Zikate, kisha uone besi inavyojitokeza bila kuguswa. Halafu amua nani analala chini: kiki au besi. Kiki ikikaa kwenye 50 na 60, ipunguze besi hapo kidogo na uipe nafasi yake karibu na 90. Mvumo wa pipa huwa mahali fulani kati ya 200 na 350. Desibeli 2 au 3 za kupunguza zinatosha kabisa. Ukijikuta umefika 9, rudi kwenye rekodi yenyewe, kosa liko huko.

2. Plagini ya hamoniki za besi. Hapa ndipo ningetoa pesa, kama simu ilikuonyesha kwamba besi haipo. Waves wana mbili za siku nyingi, MaxxBass na Renaissance Bass, na ya pili ndiyo rahisi kwa anayeanza: unachagua masafa, unachagua ukali, basi. Iweke kwenye treki ya besi peke yake, wala usiiweke kwenye miksi nzima. Ongeza ukali huku ukisikiliza kwa spika ndogo mpaka noti za besi zianze kusomeka, kisha urudi nyuma kidogo. Ukiongeza huku unasikiliza kwa hedifoni kubwa zenye besi nzito, utazidisha, nakuhakikishia.

3. Saturesheni, yaani kuchafua sauti kidogo kwa makusudi. Hii nayo huzaa hamoniki, ila kwa ukorofi zaidi, na kwa 808 ukorofi huo mara nyingi ndio utamu wenyewe. Saturation Knob ya Softube ni ya bure. Ina swichi ya namna tatu. Ukichagua Keep Low, sehemu ya chini inaachwa ilivyo na uchafu unaingia juu. Kwa kweli kuna nyimbo ambazo hii imenitosha, namba 2 sikuigusa. Ipo chini yake kwa sababu moja tu: kwenye gitaa la besi lililopigwa kwa upole, mkwaruzo husikika haraka.

4. Ikwalaiza inayojiendesha. Kama unarekodi gitaa la besi la mtu halisi, ipandishe hii iwe namba 2. Noti moja, tuseme A ya Hz 55, hulipuka huku nyingine zikiwa zimetulia. Ukikata 55 moja kwa moja, umeziadhibu zote. Ikwalaiza ya aina hii hupunguza pale tu noti inapozidi kiwango ulichoweka. TDR Nova ya Tokyo Dawn Labs inafanya hivyo bure. FabFilter Pro-Q hufanya kwa starehe zaidi, lakini usiinunue kwa ajili ya besi tu.

5. Plagini zinazoiga Pultec EQP-1A, ikwalaiza ya zamani ya studio. Raha yake ni kupandisha na kupunguza masafa yaleyale kwa wakati mmoja. Mikunjo hiyo miwili hailingani, kwa hiyo unapata unene chini na kibonde kidogo juu yake. Kiki hupendeza sana. Ila ni jambo la ladha, lisubiri.

6. Plagini za kushusha oktavu (hatua ambayo masafa hupungua nusu), mfano LoAir ya Waves. Hizi hutengeneza mlio wa chini zaidi ya uliopo: ukiwa na 82 unapata 41. Zina kazi kwenye filamu na kwenye kiki kavu. Kama huna sabufa wala chumba kilichotulizwa mwangwi, unamwaga chumvi gizani.

Chochote utakachochagua, pakua toleo la majaribio kwanza, na hakikisha liko katika aina ya plagini ambayo programu yako inaifungua: VST3, AU au AAX. Kisha lipime kwa haki. Kitu kikiwa na sauti kubwa zaidi, sikio hukiona bora, na besi ndiyo inayotudanganya zaidi. Shusha sauti inayotoka kwenye plagini mpaka kuiwasha na kuizima kuwe sawa kwa ukubwa, fumba macho, bonyeza mara nyingi mpaka upoteze hesabu, halafu useme ipi ni ipi. Nimeshafuta plagini tatu kwa jaribio hilo, moja nikiwa tayari nimeilipia.