Nimelipia besiboli msimu mzima, timu yangu siruhusiwi kuiona

Nyumbani Tanga king'amuzi kikikatika tunajua sababu: hujalipia. Mimi nimelipia. Nimetoa fedha ya msimu mzima kwa mkupuo, risiti ninayo kwenye barua pepe, na timu moja niliyoitaka ndiyo niliyofungiwa. Wenye programu hii ya kutazama besiboli ya Marekani kwenye intaneti nawapa nyota moja, na hiyo moja naitoa shingo upande.

Naishi Des Moines, jimbo la Iowa. Besiboli niliikuta huku ukubwani. Novemba ya 2016 nilikuwa mgeni, nafanya kazi ya usiku kiwandani, na Cubs wa Chicago walikuwa fainali na Cleveland. Mchezo wa saba ulikwenda mpaka raundi ya kumi, mvua ikausimamisha dakika 17, wakarudi wakashinda 8 kwa 7. Walikuwa hawajachukua ubingwa tangu 1908. Mzee mmoja tuliyekuwa tukifanya naye kazi, mtu mwenye wajukuu, alikaa kwenye chumba cha mapumziko akalia kama aliyefiwa. Nikamuuliza kulikoni. Akasema baba yake alikufa akiingoja siku ile.

Yeye ndiye aliyenieleza kwa nini watu wa Iowa wanawapenda Cubs namna hii. Ujanani kwake alikuwa akifika nyumbani mchana anawakuta kwenye TV, kituo cha WGN cha Chicago kikiwarusha nchi nzima, Harry Caray akitangaza kwa ile sauti yake ya kukwaruza. Timu ya vijana wanaopikwa kwenda Cubs iko hapahapa Des Moines, inaitwa Iowa Cubs. Na ule mchezo wa 2016 tuliuona kwa antena ya kawaida, hakuna aliyetoa senti.

Mwanangu amekulia humo. Anacheza ligi ya watoto, analala na glavu kitandani. Ndiyo maana nilinunua kifurushi cha hawa jamaa (jina silitaji, anayeishi huku atajua). Tangazo lao linasema utaona michezo ya ligi yote. Timu 30.

Ikaja Ijumaa moja, shule zimefungwa, mimi sina zamu. Cubs wanacheza kwao Wrigley Field saa saba na dakika ishirini mchana, saa yao ya miaka nenda rudi. Uwanja ule haukuwa hata na taa mpaka 1988. Mama watoto kapika mandazi. Mtoto kavaa kofia yake ya bluu, kakaa sakafuni karibu kabisa na runinga. Nikafungua programu, nikabonyeza mchezo. Skrini nyeusi. Maneno meupe: mchezo huu haupatikani katika eneo lako.

Nikadhani ni intaneti. Nikazima, nikawasha. Nikatoka, nikaingia upya. Mtoto ananiangalia. "Baba, si ulisema umelipa?"

Nikapiga simu huduma kwa wateja. Muziki, muziki, muziki, raundi mbili zikaisha. Akapokea dada mmoja, akataka namba ya posta ya mtaa wangu. Nikampa. Nasikia vidole vyake kwenye kibodi. "Sawa. Wewe uko nyumbani kwa Cubs, kwa hiyo hapa kwetu huwezi kuwaona moja kwa moja." Nikamwambia, dada, Chicago iko zaidi ya kilometa 500 kutoka hapa. Akasema niko nyumbani pia kwa White Sox, kwa Cardinals, kwa Royals, kwa Twins na kwa Brewers. Halafu akacheka, kile kicheko cha puani, akasema: "Una bahati. Wenzako wana timu moja ya nyumbani, wewe una sita."

Una bahati. Ndugu msomaji, mtu anachukua fedha yako, anakunyima ulichonunua, kisha anakwambia una bahati. Nimekatishwa tamaa na mashirika mengi katika nchi hii, lakini sijawahi kupewa hongera ya kunyimwa. Nikamuuliza nifanye nini. Akanijibu ninunue kifurushi kingine, cha chaneli ya Cubs wenyewe, kila mwezi, juu ya hiki nilichokwisha kulipia. Na nikitaka kuwaona Royals? Cha Royals. Twins? Cha Twins. Nikaomba nirudishiwe fedha yangu, akasema muda umepita na masharti niliyakubali. Akanitakia siku njema.

Hebu zipime hizo nyumba zangu sita. Kansas City, kwa Royals, ni kama kilometa 310. Minneapolis, kwa Twins, karibu 390. Chicago, kwa Cubs na White Sox, karibu 530, yaani kama Dar mpaka Moshi. St. Louis, kwa Cardinals, mbali zaidi, na Milwaukee, kwa Brewers, iko juu kule Wisconsin. Ni kama kumwambia mtu wa Kariakoo kwamba uwanja wa Moshi uko mlangoni kwake, kwa hiyo asitazame mpira kwenye TV. Utaratibu huu wa maeneo uliwekwa kulinda chaneli za timu na kuwafanya watu wajaze viwanja. Mimi nitajaza uwanja gani? Nikitoka zamu alfajiri niendeshe saa tano na mtoto, tutazame, nirudi saa tano nyingine niingie zamu?

Wakati huohuo ligi yenyewe ilikuja Iowa. Mwaka 2021 walijenga uwanja wa watu kama 8,000 katikati ya mahindi pale Dyersville, White Sox wakawafunga Yankees 9 kwa 8. Mwaka uliofuata wakaja Cubs wenyewe na Reds. Mahindi yetu yakaonekana dunia nzima. Sisi wenye mahindi kesho yake tukarudi kwenye skrini nyeusi.

Nimesoma mambo haya sana tangu siku ile, mke wangu amechoka kunisikia. Mwaka 1922 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba besiboli si biashara inayovuka mipaka ya majimbo, hivyo sheria za kuzuia ukiritimba haziihusu. Si biashara ya kuvuka mipaka! Mbona basi pazia la Cubs limevuka Illinois yote, likavuka mto Mississippi, likanikuta sebuleni? Watazamaji walikwenda mahakamani baadaye kuhusu mambo ya TV, kesi ikamalizwa kwa maelewano Januari 2016. Bei ikashuka, vikapatikana vifurushi vya timu moja moja. Kufungiwa kwa anayeitwa mtu wa nyumbani kukabaki palepale.

Wala si Iowa peke yetu. Dodgers, timu ya Los Angeles, waliingia mkataba wa TV wa miaka 25, uliotajwa kuwa wa dola bilioni 8.35, na kuanzia 2014 mpaka 2020 nyumba nyingi za mji huo hazikuwa na chaneli inayowaonyesha. Vin Scully, aliyewatangaza Dodgers tangu 1950, wakiwa bado Brooklyn, New York, alistaafu 2016, na misimu yake ya mwisho watu wengi wa mji wake mwenyewe hawakuiona kwao. Fedha ya TV ya aina hiyo ndiyo inayompa mchezaji kama Ohtani wa Dodgers mkataba wa dola milioni 700, na ligi haina kikomo cha mishahara. Timu isiyo na chaneli nono inabaki kulea vijana ili wenzao waje kuwachukua. Kwa hiyo tunafungiwa ili ipatikane fedha inayofanya mashindano yenyewe yasiwe sawa. Najua Cubs nao ni matajiri. Ningewapenda wakiwa maskini, na hasira yangu ingekuwa hiihii.

Jirani yangu Mkongo akaniambia, "Ndugu yangu, weka VPN, uwaambie uko Texas." Najua wengi wanafanya hivyo na siwalaumu. Mimi nilikataa. Sitadanganya ninapoishi ili nipewe kitu nilichokinunua kwa jasho langu mbele ya mtoto ninayemfundisha asiseme uongo.

Lakini lililoniua kabisa ni hili. Jioni ile nilimsimulia mdogo wangu aliyeko Tanga. Akasema, kaka, hebu nipe hiyo akaunti nijaribu. Nikampa. Siku ya pili yake, mchezo wa Cubs, mchana kwetu, usiku wa saa tatu na ushei kwao. Akanitumia picha ya skrini: Wrigley Field, jua linawaka, ukuta wa matofali umefunikwa na ile mimea ya kijani. Unaonyesha! Bila shida yoyote! Tanga, Tanzania, nchi isiyo hata na uwanja wa ligi hii, mchezo unaingia moja kwa moja kwenye simu ya mtu aliyejilaza kitandani. Mimi niliyelipa, niliye jimbo la jirani na Chicago, giza.

Akaanza kututumia sauti za WhatsApp. Hajui besiboli hata kidogo. "Kaka, jamaa kapiga, mpira umeingia kwenye majani ya ukutani. Sasa mwenye glavu kainua mikono juu, hautafuti. Kwani kakamatwa?" Mwanangu akaangua kicheko mpaka akalala chali, akaichukua simu: "Hapana, Ba'mdogo! Mpira ukikwama kwenye majani unainua mikono ili mwamuzi aone. Aliyepiga anapewa kituo cha pili!" Wakaendelea hivyo raundi nne, huyu anasimulia asichokijua, yule anamweleza asichokiona. Sijamwona mwanangu na furaha kama ile kwa muda mrefu.

Kwa hiyo niwe mkweli. Picha ya hii programu ni safi, timu nyingine 24 zinaonekana, na ukiwa nje ya eneo la timu yako labda ungewapa nyota nne. Hata redio ya Cubs inasikika humohumo bila kufungwa, na Pat Hughes, anayewatangaza tangu 1996, anakuonyesha uwanja kwa maneno, kama watangazaji wa mpira tuliowasikiliza na marehemu baba barazani. Nilikuwa nimeshapandisha kuwa nyota mbili. Halafu nikakumbuka kile kicheko cha puani. Nimeirudisha kuwa moja. Ingekuwapo sufuri ningebonyeza sufuri.

Kadi yangu ya benki nimeiondoa kwenye akaunti yao. Mwanangu na Ba'mdogo wake hawajui bado. Jana mdogo wangu kauliza kama ratiba ya Aprili imetoka.