Mbao za sakafu ya nje: mtiki uliokomaa kwanza, mninga uache sebuleni

Masika yakianza kukatika, watu wa Dar na Bagamoyo hunitumia swali lilelile: nyumba imekwisha, nataka baraza la mbao uani, ninunue mti gani? Anayeuliza huwa keshajijibu moyoni kwamba ni mninga, anachotaka ni kuungwa mkono tu. Simuungi.

Sakafu ya nje huku Pwani inateseka kuliko kitanda au kabati. Jua la kaskazi linaikausha hadi inalia, masika yanailowesha wiki nzima, hewa ya chumvi inakula vyuma, na chini mchwa wanasubiri. Kwa hiyo nimepanga mbao hizi kwa uvumilivu wa hayo yote, na kwa urahisi wa kuzipata kihalali. Uzuri wa rangi sikuupa alama, maana baada ya mwaka mmoja juani zote zinaelekea kuwa kijivu.

1. Mtiki uliokomaa. Wazee wanauita msaji. Unapandwa hapa hapa: Longuza kule Muheza, Mtibwa na Kilombero mkoani Morogoro. Una mafuta yake ya asili, haujikunji ovyo, na fundi wa kawaida anaumudu. Mtego uko kwenye umri. Miti michanga iliyopunguzwa shambani ina pete pana nyeupe nje ya moyo, na weupe huo mchwa wanautafuna kama mti mwingine wowote. Ukifika kwa muuza mbao, usitazame ubapa wa mbao, tazama kichwa chake pale ilipokatwa. Kahawia ya dhahabu ni moyo. Ukiona weupe umeingia zaidi ya upana wa kidole, iweke kando. Muuzaji atakuapia kwamba yote ni mtiki. Ni kweli, yote ni mtiki.

2. Mkongo. Mombasa na Lamu ni mbambakofi. Mita moja ya ujazo ina uzito wa kilo 800 hivi, wakati mtiki ni kama 650, na tofauti hiyo utaiona ukiburuta kiti cha chuma juu yake. Kwa kudumu pekee ungekuwa wa kwanza. Nimeushusha kwa sababu ni ghali, kila skrubu lazima itobolewe njia kwanza, na mvua za mwanzo zinatoa maji ya kahawia yanayochafua ukuta mweupe au vigae vilivyo chini. Tena tangu 2023 mkongo na mninga viko kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, yaani kuvisafirisha nje ya nchi kunahitaji kibali. Kwa mnunuzi wa ndani, dai risiti, na uliza mbao ziliingia mjini kwa TP ipi, yaani kibali cha kusafirishia mazao ya misitu. Akianza kuzungukazunguka, ondoka.

3. Mvule. Mti mzuri, nafuu kuliko mkongo ukiupata. Wakati mwingine ndani yake kuna chembe ngumu kama jiwe zinazoua meno ya msumeno, na vumbi lake linawasha, kwa hiyo fundi avae barakoa wakati wa kuranda.

4. Mninga. Hautaoza haraka na hautapinda. Lakini kununua mbao ya bei hiyo ili ikanyagwe na viatu vyenye mchanga na kupoteza rangi yake nyekundu ndani ya miezi michache, mimi naona ni hasara. Utengenezee meza.

5. Paini iliyotiwa dawa kiwandani. Kwa mfuko mdogo inafaa, mradi kila panapokatwa papakwe dawa upya. Dawa yake mara nyingi ina aseniki, basi vipande vya mabaki visiende jikoni kupikia.

6. Mkaratusi. Unapasuka na kujinyonga. Kwa nguzo sawa, kwa kukanyagwa peku hapana.

Hata hivyo nimeona mtiki safi ukiharibika kabla ya paini, na kosa lilikuwa kwenye ufundi. La kwangu lilikuwa Kigamboni: niliruhusu skrubu nyeusi zile za dari ya jipsamu kwa kuwa zilikuwa zimebaki kwenye boksi. Msimu mmoja tu, vichwa vikakatika na kila tundu likatoa michirizi myeusi, kwa kuwa mti wenye tanini ukikutana na chuma na maji hutoa wino. Karibu na bahari nunua skrubu za stenlesi namba 316, mbili kila mbao inapokatiza boriti ya chini. Zile za 304 nazo hutoa madoa ya kutu kwenye hewa ya chumvi.

Mbao ziwe na unene wa inchi moja, boriti ziachane sentimita 40, kati ya mbao na mbao mwanya wa milimita 5. Boriti zikae juu ya vitako vya zege, kamwe si udongoni, na hewa ipite chini. Mbao zikija mbichi, zipange kivulini huku vijiti vimetenganisha safu, usubiri wiki kadhaa, fundi atanung'unika. Na mifereji ya urembo juu ya mbao iache, inashika mchanga na ukungu.

Matunzo ni kidogo. Usipake vanishi: jua linaibandua vipandevipande na itabidi uipige msasa yote. Oili chafu ya gari iachie nguzo za uzio, kwenye sakafu itanuka na kuteleza. Baada ya masika sugua kwa brashi na sabuni, ukifuata urefu wa mbao, bila mashine ya kuoshea magari kwa sababu inanyanyua nyuzi. Acha ikauke siku mbili tatu, kisha paka mafuta ya kitani au mafuta ya mbao za nje, kiasi kidogo, na ufute yaliyobaki juu. Kama rangi ya kijivu haikuudhi, hata mafuta unaweza kuyaruka, usafi usiuruke.

Matambara uliyofutia mafuta ya kitani usiyakunjekunje na kuyatupa stoo. Yanajipasha moto yenyewe hadi kuwaka. Yaanike yametandazwa nje, au yaloweke kwenye ndoo ya maji.