Betty wa Bogotá na Betty wa New York

Yo soy Betty, la fea, tamthilia ya Fernando Gaitán, ilianza Kolombia mwaka 1999. Betty wake ni mchumi msomi, ila kwa sura yake anaambulia ukatibu muhtasari kampuni ya mitindo ya Ecomoda. Ofisi yenyewe? Kijistoo kilichopakana na ofisi ya bosi. Humo ndimo anamofichwa, na humo humo anazijua hesabu zote za kampuni kuliko wenyewe.

Ugly Betty, toleo la Marekani la tamthilia hiyo (2006–2010), lilimpeleka kwenye jarida la mitindo. Siku ya kwanza kazini kavaa poncho jekundu, watu hoi! Ni fupi, vipindi 85, na inachekesha. Lakini lile penzi la bosi na katibu la Kolombia, lenye uongo na machozi, huko Marekani limebaki urafiki tu karibu mpaka mwisho. Mimi nabaki na kijistoo.